Siku Tano Nisizopima Upepo

Mtaalamu Kaijage tulimzika Biharamulo Jumamosi iliyopita. Nilifika mchanga umeshaanza kutupwa, kwa sababu barabara ya kutoka kwangu Nyamiaga imetengenezwa lakini magoti yangu hayakutengenezwa pamoja nayo. Padri alimsifu marehemu kuwa alikuwa mtu mpole, na mimi niliyefanya kazi chini yake nikainamisha kichwa nisionekane nikitabasamu. Mpole! Mtu aliyewahi kunirudisha ziwani kwa miguu, jua la saa saba mchana, kwa sababu chupa moja haikuandikwa saa. Nilimpenda sana mzee yule, na nilimwogopa, na katika miaka yangu yote ya ualimu niliiga sauti yake kila nilipotaka darasa linyamaze. Nilikaa naye mwaka mmoja tu, mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa na mwandiko mzuri. Mwandiko huo ndio ulionipatia kazi, na ndio ulioniponza.

Wakati ule Chato ilikuwa haijawa wilaya. Biharamulo ilifika hadi ziwani, na kituo chetu kilikuwa kwenye mwalo mdogo, mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Nikisema kituo msifikirie makubwa. Ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, masanduku ya chupa, hadubini iliyofunikwa kwa kipande cha kanga, na harufu ya ayodini ambayo iliingia hadi kwenye sukari. Cha nyuma nililala mimi. Mtaalamu alipanga chumba kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nje, juu ya jabali linalotazama maji, ulisimama mlingoti wenye vikombe vitatu vidogo vilivyozunguka upepo ulipovuma, na mshale ulioonyesha unakotoka. Kazi yangu ilikuwa kupanda jabali mara tatu kwa siku, kusoma namba na kuziandika kwenye daftari, kisha kuingia kwenye mtumbwi wa kituo, kushusha kipimajoto majini na kujaza chupa. Mimi mtu wa milimani Ngara, niliyekuwa nikiyaogopa hata maji ya pipa, nilijifunza kupiga kasia kwa sababu sikutaka kurudishwa nyumbani.

Chakula nilikula kwa Mzee Masunga. Alikuwa Msukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, miaka tisa kabla yangu, na mji wake ulikuwa nyuma kidogo ya mwalo, umezungushiwa minyaa. Siku ya kwanza nilipopita njiani mkewe, Mama Minza, aliniona jinsi nilivyokonda akaniita. "Mwangaluka, mwanangu. Kalibu. Wewe unapikiwa na nani?" Nikasema najipikia. Alicheka hadi akashika ubavu, akamwambia mumewe kwa Kisukuma neno ambalo sikulielewa, na tangu siku hiyo nikawa na kigoda changu katika nyumba ile. Tulikula ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na maziwa mgando, na asubuhi michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo mwanzoni nilivitafuna kwa adabu na baadaye kwa uroho. Binti yao Minza alikuwa darasa la saba. Jioni alikuja kituoni na daftari lake la hesabu, nikamfundisha sehemu na asilimia kwenye kona ya meza ya hadubini, kwa sababu Septemba angefanya mtihani. Alikuwa mwepesi kuliko mimi nilivyokuwa, na alijua hivyo. Nikikosea hesabu hakusema kitu, alingoja tu huku anaitazama kalamu yangu.

Mtaalamu alichokuwa anakitafuta alinieleza mara moja tu, kwenye kigoda kilekile kwa Mzee Masunga, akiwa ameshika bakuli la maziwa ya moto yaliyoshika utando juu. "Tazama, Paskazia," akasema, akapuliza. Utando ukakimbilia ukingo wa mbele, na upande wake yakatokea maziwa meupe ya chini. "Upepo wa kusini ukivuma siku kadhaa mfululizo, unafanya hivi. Unayasukuma maji ya juu kwenda mbali, na hapa kwetu pwani yanapanda ya chini, ya baridi, yenye mbolea yote iliyozama." Akapuliza tena ingawa hakukuwa na haja. Katika miezi ya utulivu, alisema, maji ya juu hupata joto na kukaa, na hapo hutawala vijimea vya kijani-buluu vinavyojua kuelea, vile vinavyolifanya ziwa lionekane kama limemwagiwa rangi. Upepo ukikoroga, vinakuja vingine, vyenye maganda ya kioo, vizito, ambavyo bila kukorogwa huzama. Samaki wadogo hula hivyo, wakubwa hula wadogo, nasi tunakula wote. "Kwa hiyo anayeamua leo ziwani kumeota nini ni upepo," akamalizia. Mzee Masunga alikuwa anasikiliza kwa makini sana. Akauliza, "Na hayo maji ya chini, yana hewa?" Mtaalamu akamgeukia kama mtu aliyeguswa bega. Akasema hapana, mara nyingine hayana hewa kabisa, na yakipanda kwa ghafla samaki wanakosa pumzi. "Basi ni kama nyumba ya moshi," Mzee Masunga akasema, akaendelea kunywa.

Sasa niseme kosa langu lilivyoanza, maana halikuanza siku ile kubwa. Mtaalamu alikuwa na amri moja: usichokipima usikiandike, acha mstari wazi. Lakini mimi nilikuwa nimesoma kwa walimu waliotuchapa kwa kuacha swali wazi. Jaza, walituambia, jaza chochote, karatasi nyeupe ni uvivu. Na mimi Mkatoliki wa Ngara, Jumapili nilikuwa natembea kwenda misa kwenye kigango na kurudi alasiri, kwa hiyo upepo wa Jumapili asubuhi na mchana sikuuona kamwe. Mstari mtupu katikati ya mwandiko wangu mzuri uliniwasha macho. Nikachukua namba za Jumamosi, nikazibadilisha kidogo mwishoni, nikajaza. Wala sikuona kama ni uongo. Niliona ni usafi. Nikiwaza leo naona aibu kuliko nilivyoona wakati ule, kwa sababu mtoto anayedanganya akijua anadanganya anaweza kuacha, lakini mimi nilikuwa najisifu.

Mwezi wa nane ikafika misa ya kwanza ya padri mpya, mtoto wa Murusagamba, kule kwetu Ngara, niliyesoma na dada yake. Mtaalamu alikuwa amekwenda Mwanza na masanduku ya chupa. Mwezi wa angani ulikuwa mkubwa, na mwezi ukiwa mkubwa karabai hazina kazi, wavuvi wa dagaa hurudi makwao kupumzika, kwa hiyo mwalo ulibaki na watu wachache na mbwa. Nikasema nitakwenda siku mbili. Mama Minza alinifungia michembe kwenye kitambaa. Kule Murusagamba tulikula, tukacheza ngoma, pombe ya ndizi ikapita kwenye mirija, na lori la kurudi likaharibikia kwenye kona za njiani, tukalala humo, tukalala tena. Siku mbili zikawa tano. Niliposhuka mwaloni ilikuwa alasiri tulivu, ziwa limelala, na harufu ilinipokea kabla sijaona kitu. Sangara, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamejipanga mchangani matumbo juu, na maji yaliyokuwa ya kijani nilipoondoka yalikuwa ya hudhurungi. Watu walikuwa wameanza kurudi. Walisimama makundi makundi bila kugusa samaki.

Mtaalamu angerudi kesho yake. Nilikaa mezani, nikafungua daftari, na mistari kumi na mitano mitupu ikanitazama. Ningeweza kutoka nje nikauliza mtu yeyote upepo ulikuwaje. Lakini kuuliza ni kukiri kuwa sikuwepo. Nikachukua wiki iliyotangulia, ambayo ilikuwa ya utulivu, nikainakili pole pole kwa mwandiko wangu mzuri, nikibadilisha namba ya mwisho. Nyuma ya bati wanaume wawili walikuwa wanashona nyavu, nikawasikia. "Alioshea bomba la dawa ya kupe palepale kwenye jiwe, mimi nimemwona." "Nani?" "Msukuma." "Ng'ombe wake wanakunywa hapo kila siku, mbona hawafi?" "Ng'ombe hafi kwa dawa ya ng'ombe. Samaki ndiye anakufa." Nikanyanyua kalamu, nikasikiliza, nikaendelea kuandika.

Ni kweli Mzee Masunga alikuwa ameoshea bomba pale. Hakukataa. Kwenye mkutano, uliofanyika katika banda la kupimia samaki, alisimama akasema ameosha bomba moja na maji ya ndoo moja, na hilo ni kosa lake, atalipa faini ya kitongoji. Lakini samaki hawakufa kwa ndoo moja. "Siku nne upepo umevuma kutoka kusini," akasema. "Zizi langu limeng'oka upande. Maji ya chini yamepanda." Wachache waliobaki mwaloni siku hizo walinung'unika kwamba ndiyo, kulikuwa na upepo, lakini wengi hawakuwepo, na wengi hao walikuwa wamerudi wakakuta samaki wa kuuza wameoza mchangani. Walitaka mtu. Mwenyekiti akasema tuna wataalamu, kwa nini tubishane? Mtaalamu Kaijage alikuwa ameshatazama chupa nilizojaza siku aliyorudi. Vijimea vya kioo vilikuwa vimejaa, vya kijani-buluu vimepungua, kila kitu kilionyesha upepo mkubwa isipokuwa daftari. Usiku kucha hakulala kwa hilo. Alisimama, akafungua daftari langu mbele ya watu wote. "Mimi sisemi ni dawa," akasema. "Nasema daftari halionyeshi upepo. Bila upepo sijui maji yamepandaje." Watu walisikia nusu ya pili tu.

Hapo Mzee Masunga akanigeukia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mzani, miguu inaning'inia. Yeye alijua kuwa sikuwepo, nyumba yake nzima ilijua, maziwa yangu yalikuwa yamemwagiwa ndama siku tano. Akasema kwa sauti ileile ya kunikaribisha chakula, "Binti, wewe ndiye mwenye chombo. Waambie." Minza alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, na baba yake alikuwa amemshika mkono. Nilitazama daftari mikononi mwa Mtaalamu. Nikawaza kazi, nikawaza kurudi Ngara na sanduku langu kichwani, nikawaza atakavyonitazama yeye. Nikasema, "Ni kama ilivyoandikwa." Maneno matatu. Mkutano ukampa Mzee Masunga siku saba aondoe mji wake na ng'ombe wake, na yeye akavaa kofia yake akatoka.

Jioni ile Mama Minza alimtuma Minza alete maziwa kama kawaida. Minza aliweka kibuyu kizingitini, hakuingia, na daftari la hesabu hakuja nalo. Sikuyanywa. Kesho yake yakaja mengine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami nakubali, ila hawakusema jinsi inavyochosha kuitembea. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta Mtaalamu mezani, amechora mistari ya namba zangu kwenye karatasi, macho mekundu, anajaribu kutafuta sheria mpya ya ziwa itakayoeleza upepo usiokuwepo. Nilimwona amezeeka. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba. Njoo uone, kuna kitu hapa sikielewi." Nikamwambia hakuna cha kuelewa. Nikamwambia yote, Murusagamba, lori, na Jumapili zote tangu mwanzo. Hakupiga kelele. Alinipa kalamu nyekundu akasema niweke alama kwenye kila mstari niliotunga. Nilianza vizuri, kisha nikasimama, kwa sababu za miezi ya nyuma sikuzikumbuka tena, zilifanana na za kweli. Akaona nimesimama. Akachukua daftari, akalifunga, akaliweka chini ya masanduku. Kazi yake yote ya mwaka ule ilikuwa humo. Alichosema ni, "Vaa viatu. Twende kwa mwenyekiti."

Mkutano wa pili ulikuwa na watu wengi kuliko wa kwanza. Nilisimama katika banda lile nikasema sikuwepo, nikasema niliandika uongo, na kwamba waliosema upepo ulivuma walisema kweli. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Amepewa ndama huyo!" wakacheka. Lakini Mtaalamu akaeleza habari ya chupa, na maji ya chini, na samaki kukosa pumzi, akiomba radhi kila baada ya sentensi mbili, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba radhi hata Mungu. Mwenyekiti akafuta uamuzi. Akamwambia Mzee Masunga abaki, faini ya bomba inatosha. Mzee Masunga alisimama. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo alikuwa ameshaifunga pamoja na mizigo. "Nimekaa nanyi miaka tisa," akasema. "Niliwaambia upepo ulivuma, hamkusadiki. Mwanafunzi kaandika haukuvuma, mkasadiki. Leo huyohuyo kasema ulivuma, mmesadiki tena. Mimi naona hapa neno langu halina kazi. Nitakwenda Runazi, nina ndugu kule." Akanipita akiwa anatoka, akaniwekea mkono kichwani, kiganja kizito chenye joto, akaenda zake. Nililia hadi pua ikavimba.

Waliondoka kabla ya wiki kwisha, ng'ombe mbele, mkokoteni nyuma, Mama Minza ananipungia kitambaa kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri. Minza alitembea upande wa pili wa mkokoteni. Hakugeuka. Nilidhani ana hasira kwa ajili ya baba yake, nikaona ni haki yake. Mtaalamu hakunifukuza kazi. Alinunua daftari jipya, tukapanda jabali pamoja hadi mwaka ukaisha, na Jumapili alinituma misani yeye mwenyewe, naye akiandika kwa mkono wake mbaya kwenye mstari wangu: hakupima. Ndipo nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha baiolojia hadi nilipostaafu, na hakuna darasa langu hata moja ambalo halikuisikia habari hii. Niliisimulia vizuri. Nilijua mahali pa kunyamaza na mahali pa kushusha sauti. Wanafunzi waliipenda, wengine walinipigia makofi nilipofika kwenye mkutano wa pili.

Basi Jumamosi, baada ya mazishi, tulikuwa tumekaa kwenye viti vya kukodi tukila wali, akaja mama mmoja mnene, mtandio wa bluu, akavuta kiti karibu yangu. "Mwalimu Paskazia, shikamoo. Hunijui." Nikamtazama, nikasema marahaba, nikaendelea kumtazama. "Ni Minza." Sahani nusura inidondoke. Tulishikana mikono muda mrefu. Akaniambia Mzee Masunga alifariki zamani, akiwa na wajukuu, na Mama Minza yupo bado, haoni vizuri lakini anakula vizuri. Mtaalamu alikuwa akiwatembelea Runazi kila mwaka, jambo ambalo hakuniambia kamwe. Nikajipa moyo nikamwuliza kama baba yake aliwahi kunitaja.

"Sana," akasema. "Hakukuwekea kinyongo. Siku ile ya kwanza bandani nilitaka kupaza sauti kwamba hukuwepo. Baba akanibana mkono hadi ukafa ganzi. Nyumbani nikamwuliza kwa nini. Akasema, amekula kwetu, mtu aliyekula kwetu hatumvui nguo mbele za watu. Atasema mwenyewe."

"Nilisema," nikajibu, na sauti yangu ikatoka nyembamba, kama ya mtu anayejitetea.

"Ulisema. Siku ya tatu. Siku ya pili baba alikuwa ameshatuma mtu Runazi." Alikuwa anachambua mfupa wa nyama pole pole. "Ulishawahi kuwaza mtihani wangu?"

Sikuwa nimewaza. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyo. Miaka yote hii, mimi niliyemfundisha sehemu na asilimia kwenye kona ya meza ile, sikukaa hata siku moja nikajiuliza mtoto wa darasa la saba anayehama mwezi wa nane atafanyia wapi mtihani wa Septemba. Jina lake la mtihani lilikuwa limesajiliwa shule ya mwaloni. Runazi walimwambia asubiri mwaka unaofuata, na mwaka uliofuata akaolewa. Alinieleza bila uchungu, kama mtu anayeelekeza njia. Watoto wake wote wamesoma, akasema, mmoja ni muuguzi. Nikamwomba msamaha. Akanitazama kama alivyokuwa akiitazama kalamu yangu nikikosea, akangoja, kisha akasema, "Baba alikusamehe palepale. Mimi bado nafikiria, mwalimu. Usinikimbize."

Nikamwambia sitamkimbiza. Akaniletea chai, akaweka sukari bila kuuliza kiasi gani, akarudi kukaa na wenzake wa Runazi. Nimewasimulia wanafunzi wengi habari ya binti aliyesimama mbele ya mwalo mzima akasema kweli, na wamepiga makofi. Hakuna hata mmoja niliyemwambia jina la Minza.